Duka la Sinza linalouza pochi zako kwa mali kauli: nyota tatu na nusu, ila nenda na akili zako

Kwanza niseme kabisa, kama unataka kupunguza pochi ndani na unategemea irudi ile hela uliyonunulia basi hili duka halikufai, na hakuna duka litakalokufaa, bora ugawie wadogo zako upate thawabu. Ila kama shida yako ni kabati lifunge na upate chochote kitu mi nawapa tatu na nusu kati ya tano, na hiyo nusu ni ya yule dada wa kaunta.

Jina sitaji maana kuna mambo nitayasema hapo chini, wa Sinza wenzangu mtakuwa mshalijua. Mfumo wao ni mali kauli. Unapeleka mzigo, wanakagua, mnapatana bei ya kuanzia na bei ya mwisho, wanapiga picha wanarusha stetasi na Insta, ikiuzwa wanakata 30% yako inaingia kwenye simu. Isipouzwa miezi miwili unaenda kuchukua mali yako, hudaiwi hata mia.

Ukaguzi sasa. Yule dada haangalii jina la kampuni kwanza kama unavyofikiria, anaanza na pua. Anafungua zipu anaingiza uso ndani ananusa, ikinuka kuvu anaiweka pembeni bila hata kukuuliza. Af anabonyeza kona za chini, anasema pochi inaanza kufia hapo, anakunja mkanda pale unapokutana na kichuma, akiona ufa hata kama ni wa kutafuta kwa tochi anakwambia "hii imeshaondoka dada angu". Zipu anaivuta huku na huku. Mwisho kabisa anageuza kitambaa cha ndani anakung'uta mbele ya watu, na hapo jiandae, zangu zilitoka kadi za mchango wa harusi za watu ambao sa hivi wana watoto wa darasa la kwanza, lipstiki imeyeyuka imeganda na pini za hijabu, na marisiti yaliyofutika maandishi.

Zilizokataliwa karibu zote ni ngozi feki, na nyingine bado zilikuwa na yale makaratasi ya dukani ndani, hazijawahi kutoka nje ya geti. Hapa nieleze kidogo maana wengi tunaamini pochi inachakaa kwa kubebwa. Ile ngozi feki ni kitambaa kimepakwa plastiki juu, mara nyingi poliyurethani, na kinachoiua ni unyevu, huuhuu unyevu wa hewani wa Dar, unaivunja taratibu mpaka inaanza kunata af inabanduka maganda meusi yanayoshika kwenye gauni. Kwahiyo ile unayoitunza kwa ajili ya siku maalum inazeeka hukohuko kabatini na siku maalum yenyewe haijafika. Ukiwa Kariakoo muuzaji akikwambia hii ngozi kabisa sista, tafuta sehemu yenye ukingo uliokatwa uangalie, ya kweli ina nyuzinyuzi kama manyoya toka juu mpaka chini, feki utaona kitambaa na ganda juu yake. Na hiyo ya kweli nayo usiifungie kwenye plastiki, kuvu itaila, ivalishe foronya ya zamani na ujaze magazeti ndani, inatosha.

Zilizotoka haraka ni za mtumba wa ngozi, zile gredi one nilizookota Karume kabla soko halijaungua Januari 2022. Moja ya kahawia niliichukua elfu 15 ikauzwa elfu 45, ukitoa asilimia yao bado nimeingiza faida, wakati ile mpya ya duka la vioo la laki na ushee imehangaika pale mpaka ikaenda kwa elfu 30. Nilimuuliza dada kwanini, akasema wateja wake wanaijua bei ya vile vya Kichina kuliko aliyeviuza, wanaviona kila siku kwenye simu.

Klachi, zile pochi ndogo za kushika mkononi, hanunui mtu kwasababu kila mwanamke Dar anazo tayari. Fikiria wewe mwenyewe, kitchen party rangi yake, sendoff rangi yake, harusi yenyewe rangi yake, kamati imeamua zambarau na wewe huna pochi ya zambarau, haya nenda kanunue, ubebe usiku mmoja haiingii hata simu vizuri. Kabati langu nusu nzima lilikuwa hivyo. Wao wanachofanya wanazikodisha, elfu 10 Ijumaa mpaka Jumatatu, mnagawana nusu kwa nusu, na kwa maoni yangu hiki ndo kitu cha maana kuliko vyote pale dukani. Mpaka leo ile ya dhahabu inaniletea hela na sijui hata iko mkononi kwa nani. Na mimi nikialikwa nakodi palepale, kununua klachi ndo basi tena.

Sasa lawama. Kubwa ni kushusha bei kimyakimya. Tumepatana mwisho elfu 60, meseji inakuja imeuzwa elfu 50, ukipiga simu unaambiwa mteja alikuwa amesafiri kutoka mkoani tusingemwachia. Andikishianeni. Wana daftari, mwambie aandike bei ya mwisho mbele yako na upige picha huo ukurasa, tangu nianze hivyo hawajanishushia tena.

Lingine si kosa lao sana ila litakuumiza, hela inaingia vipandevipande. Leo elfu 21, wiki ijayo elfu 14, inaishia kwenye LUKU na nyanya hujui imeenda wapi na pochi huna. Waambie waitunze mpaka mzigo uishe, wanakubali, mi yangu waliituma yote kwa mkupuo nikanunua hisa za kikoba siku hiyohiyo kabla haijazoea kwenye simu.

Na kuna mtego. Ukienda kufuata hela pale kaunta, nyuma yake wamepanga zile nzuri kuliko zote, dada atakwambia kwa upole, "si uchukue hii tu mpendwa, unaongeza elfu 20 tunafuta deni", na kama huna elfu 20 wana kibubu unadunduliza kidogokidogo. Nimeona kwa macho mama mmoja kaleta tatu kaondoka na nne. Usifuate hela dukani, zitumwe, na stetasi zao zizime sauti, maana kila asubuhi ni mzigo mpya, mzigo mpya, na ndo tulikotoka huko.

Pia wana huo wimbo wa pochi ni uwekezaji mpenzi. Ni kweli Julai 2025 mnada wa Sotheby's kule Paris uliuza ule mkoba wa kwanza kabisa ambao Hermès, wale watengeneza mikoba wa Ufaransa, walimtengenezea mwigizaji na mwimbaji Jane Birkin, kwa zaidi ya euro milioni 8.5, nimeonyeshwa hiyo habari kwenye simu ya kaunta kabisa. Sawa, ule alibeba Jane Birkin mwenyewe. Wangu nimebebea daftari za vikao na karanga.

Nimebaki na ya kazini nyeusi, ya kahawia ya wikiendi, moja ndogo ya kuvuka begani ya sokoni na kapu la ukili la ufukweni. Za kazini zipu ikifa napeleka kwa fundi, pochi ya ngozi kubadilishiwa zipu elfu 5 mpaka 8 kutegemea urefu, usinunue nyingine kwasababu ya zipu jamani.

Wanafungua saa nne asubuhi. Jumapili hawapokei mzigo wanauza tu, na Desemba wanajaza sana kwahiyo peleka mapema Novemba ukiwa unataka msimu wa harusi uzikute dukani. Futa vumbi kabla hujaenda, ikiwa chafu anakukata elfu 3 ya usafi. Ukienda na bajaji akushushe kwenye kona, mbele ya mlango pana mtaro umebomoka.