Land Rover 109 "ya 1974": tumeisafisha namba ya chasisi, imesema kingine

Mbukwenyi! Habari zenu wadau, karibuni tena gereji. Leo tuko Chang'ombe hapa Dodoma, jua limeshapanda, na hizo kelele mnazosikia nyuma ni mafundi wananyoosha bodi ya lori, mtatuvumilia.

Mbele yangu kuna Land Rover 109 (inchi kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma), pikapu, dizeli, rangi ya kijani iliyopakwa kwa brashi. Mwenyewe anataka milioni 14. Kadi inasema 1974. Dalali anasema 1974. Na ukiitazama sura, grili ni ya plastiki, taa kubwa ziko kwenye madigadi, hata wewe utaapa kwamba hii ni Series III, toleo lililoingia 1971. Mimi tangu jana jioni nabishana na dalali kwamba siyo. Leo sibishani tena, naonesha.

Injini sitakaa nayo. Ni ileile dizeli ya silinda 4, cc 2,286, mnaijua, inavuta taratibu na inakufikisha. Vifaa vya leo ni brashi ya waya, kitambaa, mafuta ya taa, chaki nyeupe na tochi. Basi.

Sogeza kamera, bwana mdogo. Tairi la mbele kulia. Inama kidogo, hapa chasisi inapoishia, pale springi inaposhikwa. Umeona? Namba ya Land Rover hizi za zamani imegongwa hapa, kwenye chuma cha chasisi chenyewe. Kuna na kibati ndani ya kabini, lakini kibati kimeshikwa na ribiti. Mwenye drili anakitoa hapa anakibandika kule, dakika tano kazi imekwisha. Chuma hiki huwezi kukihamisha.

Sasa hapa kuna grisi, kuna vumbi letu limeganda kama saruji, na chini yake kuna rangi, nahesabu tabaka tatu. Tafadhali sana, usije na grinda! Niliwahi kusimama nikaona fundi anapitisha grinda mahali hapahapa ili "pang'ae", na alipomaliza pakang'aa kweli, namba hakuna. Gari la watu limepoteza jina lake hivihivi. Tumia brashi ya mkono, taratibu. Mafuta ya taa, pangusa. Tena. Ikikauka, paka chaki yote, halafu futa kwa kiganja, siyo kwa kitambaa, maana kitambaa kinaingia mle ndani na kutoa kila kitu. Kiganja kinafuta juu tu, chaki inabaki kwenye mashimo. Tochi usiielekeze usoni mwa namba, ilaze ubavuni, mwanga upite juujuu.

Ona. Ona hiyo! Mbili. Saba. Saba. Zinafuata tarakimu tano, nimeweka kidole kwa sababu gari si langu. Na mwishoni kabisa, D.

Jamani, hapo ndipo napoipenda hii kazi. Tarakimu tatu za mwanzo zinakupa gari zima. 277 ni Series IIA, toleo lililotangulia Series III, 109, dizeli, usukani kulia, iliyotengenezwa Solihull, kiwanda cha Land Rover, kwenda kuuzwa nje ya Uingereza. Ingekuwa 276, ni ya kuuzwa kwao wenyewe. Ingekuwa 278, hiyo ilisafirishwa ikiwa vipande ili iunganishwe huku. Series III ya aina hii ya miaka ya 1970, 109 dizeli usukani kulia, inaanza na 916, 917 au 918. Hiyo 918 ndiyo ya vipande, ndiyo ya kutazama ukiambiwa gari liliunganishwa kiwanda cha Thika kule Kenya, na hapo ujue vipande vinaweza kutoka Uingereza mwaka huu vikaunganishwa mwaka unaofuata. Kwa hiyo dalali, kama unaangalia, 277 haiwi Series III hata uivishe grili ya dhahabu.

Na Series IIA ilianza 1961, ikaisha 1971 Series III ilipoingia. 1974 haimo. Mtu atauliza, sasa kadi inasema nini? Mara nyingi kinachoandikwa ni mwaka gari lilipoandikishwa au lilipobadilisha mikono, na ukishaandikwa mara moja unanakiliwa kila mara. Simtuhumu mtu.

Herufi D nayo si pambo. Kiwanda kilipobadilisha kitu kinachogusa spea, herufi ilisogea, A ikaenda B, mpaka H. Ukienda kununua spea bila herufi unabahatisha. Miaka mitatu nyuma niliuziwa 109 nikaambiwa Series III, nikaagiza gia kutoka Arusha, nauli juu yangu, fundi akafungua gia boksi akaniita: "Kaka, hizi haziingii." Series III ina sinkronaiza, kile kinacholainisha gia inapoingia, gia zote nne za mbele. IIA ni namba tatu na nne tu. Aliyeniuzia hakupokea simu tena. Pesa ile mpaka leo inaniuma, ndiyo maana nasafisha chuma kabla ya kutoa hata mia.

Sasa namba ya IIA haina mwaka ndani yake. Zile za 1958 mpaka 1961, Series II, tarakimu ya nne ndiyo mwaka: 8 ni 1958, 9 ni 1959, 0 ni 1960. Raha tupu. IIA waliiondoa. Kwa hiyo twende kwenye vioo.

Kioo cha mlango wa kulia, hapa pembeni chini, kuna chapa ya Triplex, watengeneza vioo, na neno TOUGHENED. Herufi tisa. Safisha kwa mate ukipenda, mimi hufanya hivyo. Tafuta nukta ndogo chini ya herufi, inakupa tarakimu ya mwisho ya mwaka. T ni 1, O ni 2, U 3, G 4, H 5, E ya kwanza 6, N 7, E ya pili 8, D 9. Bila nukta, sifuri. Hapa nukta iko chini ya E ya kwanza. Sita. Sita ya mwaka gani? 1956 haiwezekani, 277 ilikuwa haijazaliwa. 1976 ni Series III. Imebaki 1966. Lakini kioo huvunjika kikabadilishwa, kwa hiyo usikubali shahidi mmoja. Kioo cha kushoto: E ya kwanza tena. Stata, hii imetengenezwa na Lucas, tarakimu za mwisho zilizogongwa kwenye ganda: 66. Mashahidi watatu. Spea hutengenezwa kabla ya gari kufungwa, kwa hiyo mimi naandika mwisho wa 1966 au mwanzo wa 1967. Ukitaka tarehe kamili, makumbusho ya magari kule Gaydon, Uingereza, yana madaftari ya kiwanda, wanatoa cheti kwa malipo.

Na ile sura? Imebadilishwa. Taa zilihamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960, kabla ya hapo zilikaa katikati pembeni mwa grili. Ingia ndani uone, mita ziko katikati ya dashibodi. Series III ziko mbele ya dereva. Sura walibadilisha, mita hawakugusa.

Wa Land Cruiser mmeshaanza kuandika, najua. Zenu hazina mwaka kwenye namba ya fremu, lakini jina linasema mengi. HZJ75RP: HZ ni injini ya 1HZ, R usukani kulia, P pikapu. 1HZ ilianza 1990. Mtu akikuletea HZJ75 "ya 1987", mrudishie ufunguo. Na zile programu za simu zinazosoma herufi ya kumi na kukupa mwaka, huo ni utaratibu wa Marekani na Kanada. Toyota nyingi zilizoletwa Afrika haziufuati, utapewa mwaka wa uongo kwa herufi kubwa. Jumamosi tunakwenda Kondoa, kuna FJ45 imelala chini ya mbuyu, tutaisoma pamoja. Jiunge na chaneli, gonga kengele, isikupite.

Bei. Tangu lile tamasha la Land Rover kule Arusha, Oktoba 2024, naona kila mwenye bati la Solihull anataja mamilioni. Nilipofika asubuhi nilisema hii nisiiguse, kadi na chuma havielewani. Sasa nimeiendesha mpaka Kizota na kurudi. Kushuka kutoka tatu kwenda mbili, na mbili haina sinkronaiza, sikiliza: klachi, toa gia, achia, kanyaga mafuta kidogo, klachi tena, ingiza. Haikukwaruza. Gia boksi nzima, chasisi haina welding hata sehemu moja, nimegonga kwa nyundo kutoka mbele mpaka nyuma, sauti ni ileile. Kwa 1974 ya uongo, milioni 14 ni nyingi. Kwa 277 ya 1966 yenye chasisi hii, nimempa 11, kwa sharti kwamba kadi irekebishwe kwanza kwa jina lake, siyo langu. Amesema anaongea na mzee wake Mpwapwa.

Wenye 277 hapa Dodoma, Singida, Manyoni, niandikieni herufi yenu ya mwisho na nukta ya kioo. Namba kamili msiweke.