Maneno moja moja kwenye shajara: nilivyoisoma tawasifu ya Aharon Appelfeld

Kitabu hiki nimekisoma mara mbili, na ni mara ya pili ndipo kiliponiingia. Kinaitwa The Story of a Life, tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na Aloma Halter kutoka tawasifu ambayo Aharon Appelfeld, mwandishi Myahudi wa Israeli aliyenusurika mauaji ya Wayahudi katika Vita Kuu ya Pili akiwa mtoto, aliitoa kwa Kiebrania mwaka 1999. Si kinene. Ukikikazania unakimaliza kwa siku mbili, na mimi nilikikazania hivyo nikatoka na manung'uniko: sura zinarukaruka, miaka mizima inapotea, watu wanaingia na kutoka bila kuaga.

Nafundisha watu wazima lugha, ndiyo sababu nilikitafuta. Niliposikia kuna mtu aliyeandika vitabu zaidi ya 40 kwa lugha aliyokutana nayo akiwa kijana wa miaka 14, tena shule aliyokuwa nayo kichwani ni darasa la kwanza tu, nilitaka kujua aliwezaje.

Alizaliwa mwaka 1932 karibu na Czernowitz, mji uliokuwa Romania wakati huo na leo uko Ukraine. Nyumbani kwao walisema Kijerumani, babu na bibi Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, wasichana wa kazi Kiruthenia, lugha iliyo karibu na Kiukraine, na serikali ilisema Kiromania. Mwaka 1941 mama yake aliuawa. Mtoto hakuona, alisikia sauti yake. Yeye na baba yake wakasukumwa hadi kambini Transnistria, eneo la Ukraine lililokuwa chini ya Romania wakati wa vita, wakatenganishwa, naye akatoroka. Aliishi porini, akamfanyia kazi za nyumbani kahaba mmoja kijijini, akawa na wezi wa farasi, baadaye akawa mtoto wa jikoni katika Jeshi la Kisovieti. Mwaka 1946 akafika Palestina iliyokuwa chini ya Waingereza. Miaka hiyo yote ilimfundisha kunyamaza, kwa sababu mtoto akifungua mdomo anajulikana ni nani.

Sasa nije kwenye sura zilizonishika, zile za lugha. Anasimulia shajara aliyoianza mwaka huo wa 1946. Ndani yake hamna sentensi. Ni maneno tu, moja moja: la Kijerumani, la Kiyidi, la Kiebrania, hata la Kiruthenia. Mtoto amepita vita nzima na hana namna ya kuunga neno na neno. Nilifunga kitabu nikakaa. Nina wanafunzi ambao madaftari yao yako hivyohivyo, neno hapa, neno pale, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaandikia kwa kalamu nyekundu: "Andika sentensi kamili." Sikuwahi kumwuliza hata mmoja wao lile neno lilitoka wapi.

Halafu kuna Kijerumani chenyewe. Mwanzoni kabisa mwa kitabu kuna neno Erdbeeren, stroberi, mojawapo ya maneno ya kwanza anayoyakumbuka, na ndani yake yumo mama yake. Lakini Kijerumani ni lugha ya waliomwua mama huyohuyo. Alipofika nchi mpya, kwenye shamba la vijana wahamiaji, walitakiwa waseme Kiebrania na yaliyopita wayaache huko yalikotoka. Kijerumani kikaanza kumtoka taratibu, na kila kilivyomtoka akahisi mama anakufa mara ya pili. Nimesoma mengi juu ya kujifunza lugha. Sijaona mahali pengine palipoeleza hivi gharama anayolipa mhamiaji pale anapoanza kuzungumza vizuri.

Hapo ndipo nilipoelewa yale mapengo. Sentensi zake ni fupi, hazina pambo, hazipandishi sauti. Si uchache wa lugha. Ni mtu anayeliogopa neno kubwa, aliyejifunza kwamba jambo likizidi kiasi, afadhali ukae kimya. Halter naye amefanya kazi ya heshima: ufupi ule ameuacha ulivyo, hakuulainisha.

Nina lawama moja iliyobaki. Baba yake hakufa. Appelfeld, akiwa mtu mzima, aliliona jina la baba kwenye orodha ya Shirika la Wayahudi, lile linalowapokea wahamiaji Israeli, akamfuata Be'er Tuvia, hukohuko Israeli, kwenye kambi ya wahamiaji wapya. Mkutano ule hakuweza kamwe kuuandika, na humu nimeutafuta bila kuupata. Namwelewa. Bado msomaji uliyemfuata mtoto yule porini unaumia kufungiwa mlango huo.

Anayetaka historia ya vita kwa mpangilio wa tarehe, hapa hataipata, na asinunue kwa matumaini hayo. Anayetaka riwaya zake aanze na Badenheim 1939, juu ya mji wa mapumziko huko Austria ambako Idara ya Usafi inaanza kuwaandikisha Wayahudi, na wageni wanaendelea kula keki. Lakini kama unaishi kati ya lugha mbili, au unafundisha wanaoishi hivyo, nunua hiki. Soma sura moja kwa usiku mmoja, usizidishe. Ukifika kwenye shajara, soma polepole kabisa, kisha rudi ukurasa wa kwanza, kwenye lile neno la stroberi.