Daktari mpya nimemkagua mpaka kwenye bitana

Mimi ni fundi nguo, karakana yangu iko Kamalondo, hapa Lubumbashi, na mambo ya vyombo vya angani si fani yangu. Lakini hii Spearhead from Space nina haki ya kuisema, maana adui wake ni manekeni, zile zile tunazovika nguo na kuzisimamisha vitrini. Shujaa wake naye ni mwanamume anayelazwa hospitalini, akaondoka humo kwa nguo za wizi, na tangu anapovaa nguo hizo ndipo mchezo unapokolea. Kisa cha namna hiyo nani akikague kama si fundi?

Kwa wasioijua: hiki ni kisa cha vipande vinne cha Doctor Who, mchezo wa televisheni wa BBC ulioanza Novemba 1963. Kilirushwa Uingereza Jumamosi nne za Januari 1970, kuanzia tarehe 3 hadi 24, kila kipande dakika kama 25. Shujaa, anayeitwa Daktari tu, si binadamu. Mwili wake unaweza kugeuka akawa mtu wa sura nyingine na tabia nyingine, huku akibaki yeye yule. Kwa ujanja huo mwigizaji anaondoka na mchezo unaendelea. William Hartnell alimpisha Patrick Troughton mwaka 1966, Troughton akaaga mwaka 1969, na hapa anaingia wa tatu, Jon Pertwee, mtu wa miaka 50 ambaye Waingereza walimjua zaidi kwa vichekesho vya redioni. Wakuu wa kwao Daktari wamemhukumu, wamemgeuza sura kwa nguvu na kumtupa duniani. Chombo chake anacho ila hakiendeshiki. Watayarishaji walipenda adhabu hiyo kwa sababu yao wenyewe: kisa cha duniani hakina gharama ya kujenga sayari mpya kila mwezi.

Sasa, namna walivyomwingiza huyu mpya ndiyo iliyonifanya niandike. Wengine wangemleta mlangoni akihutubia. Hawa wamemlaza. Mlango wa chombo chake, kile kisanduku cha bluu, unafunguka msituni, mtu mrefu anaanguka kwenye majani, na sehemu kubwa ya kipande cha kwanza yuko kitandani, macho yamefumba. Wanaofanya kazi ni watu wanaomzunguka. Daktari wa hospitali anaangalia picha ya mionzi, anaona mioyo miwili, anadhani kuna mtu anamtania. Mtoto wa dada yangu, ambaye alisomea Kitwe, Zambia, na ndiye aliyekuwa akitutafsiria Kiingereza, alipiga kelele: “Mama mudogo, huyu muntu iko na mitima mbili!” Fundi wangu mkubwa, ambaye hacheki hovyo, akauliza kama basi analipa kodi ya watu wawili.

Anayekuja kumtambua mgonjwa ni Brigedia Lethbridge-Stewart, mkuu wa UNIT, kikosi cha jeshi kinachopambana na viumbe wa angani, ambaye Nicholas Courtney alikuwa amekwisha kumwigiza enzi ya Troughton. Anakuja na matumaini ya kumkuta rafiki yake. Anaangalia kitandani: simjui. Mgonjwa anafungua macho, anamwona, anafurahi, anamsalimu kama watu walioagana jana. Kisha anaona jinsi anavyotazamwa, anaomba kioo. Pertwee anautazama uso wake mwenyewe kwa masikitiko ya kweli, kama mteja aliyeletewa koti lisilo lake. Kwa sekunde chache hizo nilimkubali. Hakuna aliyemtetea wala kutuambia tumpende, na yeye mwenyewe hajajipenda.

Halafu viatu. Mgonjwa hana nguvu hata ya kukaa vizuri, lakini anataka viatu vyake na hakuna anayeelewa kwa nini. Anavipapasa, anavikung'uta, na kumbe ufunguo wa chombo chake ameuficha humo. Anaufumbata na kurudi kulala. Mchezo wa mikono mitupu, maneno mawili matatu, na hapo ndipo unapojua kwamba huyu mzee, hata akiwa hoi, akili yake iko macho.

Kipande cha pili anaamka kweli, anaoga (utaona tatuu mkononi, ni ya Pertwee mwenyewe, ya siku zake za jeshi la majini), kisha anaingia katika chumba cha madaktari kuiba nguo. Hapa nilisimamisha diski. Shati jeupe lenye marinda kifuani, koti jeusi, tai ya kipepeo, kofia, na joho la kutupia mabegani. Sisi tuliokua na picha za Papa Wemba, yule mwanamuziki wa kuvaa, ukutani hatuhitaji kuelezwa kinachotokea: mtu amepata pigo lake, na mwendo unabadilika hapo hapo. Anatoka amenyooka, kidevu juu, anaingia katika gari jekundu la zamani la mwenyewe asiyejua, na huyoo. “Iko anaiba na motoka!” akasema mtoto wa dada yangu, akifurahi kuliko inavyopasa.

Lakini kama fundi lazima niulize: ni mwizi gani anayefungua kabati la watu na kukuta kila kitu cha kipimo chake? Mabega yamekaa, mikono ya koti inaishia pale pale inapotakiwa, kola ya shati imemshika shingo bila kumkaba. Mtu mwenye kimo cha Pertwee hupati suti ya bahati nasibu. Mimi nikimshonea mteja mrefu namwita ajaribu kabla ya kutia bitana, na bado tunarekebisha. Walau wangemwacha na suruali fupi kidogo hadi mwisho wa kipande! Watu wa mavazi wa BBC hawakutaka kabisa kupoteza ile picha ya kwanza, na ninawaelewa, maana tangu hapo marinda na joho ndiyo yakawa Daktari wa tatu mpaka Pertwee alipoacha mwaka 1974.

Kuhusu hizo manekeni. Kundi la viumbe wasio na umbo, wanaoitwa Nestene, limeteremka katika vimondo na kushika kiwanda cha plastiki. Wanatengeneza sanamu zinazoitwa Auton na kuzitia uhai wao. Zile za kiwandani zimevaa ovaroli na kitambaa shingoni, na kitambaa hicho nina hakika kinaficha mwisho wa barakoa, ningefanya vivyo hivyo. Uso ni laini, umeng'aa, macho ni mashimo. Kiganja kinaanguka kama kifuniko cha bawaba na ndani yake kuna mdomo wa bunduki. Hazikimbii. Ndizo zilizowatisha wasichana wangu wa cherehani kuliko dude lolote lenye meno, na mmoja aliniambia kwa sauti ya chini, bila mzaha: “Mama, tutoshe kwanza ile yetu ku mulango.” Sikuitoa, kuna gauni la mteja juu yake.

Katikati ya kisa kuna mtu ambaye Lubumbashi nzima itamtambua. Anaitwa Sam Seeley, mwindaji wa kuvizia msituni. Anaokota dude la duara lililotoka angani, linawaka na kuzima, analificha katika sanduku la chuma kibandani kwake, hamwambii hata mke wake. Halafu anazunguka karibu na wanajeshi akipima maji: je, kama kuna mtu anajua kitu kilipo, mtu huyo angepewa nini? Tumewaona hapa, wenye mfuko wa mawe ya madini chini ya kitanda wakisubiri bei ipande. Kinachochekesha ni kwamba chuma cha sanduku ndicho kinachozuia adui asisikie mlio wa kitu chake. Mke anapofungua kifuniko tu, Auton inaelekea nyumbani kwao. Mama huyo anaipiga risasi kwa bunduki ya mumewe, haijali. Kwangu yeye ni shujaa wa kipande cha tatu, na hakuna anayemshukuru.

Kipande cha nne ndicho kila mtu anachokumbuka. Asubuhi, London, barabara ya maduka. Manekeni za vitrini, zimevaa nguo za mauzo, zinatikisika. Zinavunja vioo, zinashuka barabarani na kuwapiga risasi wapita njia. Uangalie vizuri: kioo kikivunjika unasikia tu, hukioni. Pesa ya kuvunja vitrini za watu haikuwepo, basi mwongozaji Derek Martinus anakata picha, sauti inamalizia kazi. Mwaka 2005 mchezo huu ulipofufuliwa baada ya miaka mingi, kumleta Daktari mwingine mpya, Christopher Eccleston, walirudia manekeni hizi hizi na safari hii vioo vikapasuka mbele ya macho yetu. Nimeona zote mbili. Ile ya zamani inaogofya zaidi, kwa sababu nguo zilizovaliwa ni za kawaida kabisa, makoti na sketi ambazo dakika moja kabla ulikuwa unaangalia bei zake.

Mwisho wake, hapana. Daktari anakabwa shingo na mikia ya mpira inayotoka ndani ya pipa la viumbe wale, na Pertwee anakodoa macho na kukunja uso kana kwamba yuko tena kwenye vichekesho. Karakana ilicheka yote. Baada ya vipande vitatu na nusu vya kutufinya roho, mikia ile ni aibu, inaonekana wazi kwamba ameishika mwenyewe. Aliyeandika, Robert Holmes, ameshapanga hatari nzuri. Walioshona mikia ndio waliotuangusha.

Ubora wa picha sasa, maana huenda ndiyo sababu ya kununua diski yenyewe. Ni kisa cha kwanza cha Doctor Who cha rangi. Tena mgomo uliwafungia studio za BBC, ikabidi wapige kila kitu nje ya studio, kwa filamu ya milimita 16, katika majengo ya kweli, mengi yake kwenye kituo cha mafunzo cha BBC cha Wood Norton karibu na Evesham. Shida ile imetufaa sisi. Vipindi vya enzi ile vilichanganya kanda ya video ya studio na filamu ya nje, kwa hiyo havikuweza kusafishwa kufikia kiwango hiki. Hiki kimesafishwa kikatoka kwenye Blu-ray, diski ya picha kali kuliko DVD, mwaka 2013. Ninahesabu marinda ya shati. Ninaona nywele za kitambaa zikilala upande mmoja taa inapopita. Kuna mahali Channing, bwana wa kiwanda, anachungulia kupitia kioo chenye mawimbi na uso wake unagawanyika vipande; Hugh Burden hafanyi lolote, anatazama tu, na kwenye nakala hafifu ungepoteza hilo lote.

Diski tuliletewa na shemeji kutoka London. Sauti ni ya Kiingereza, kwa hiyo tafuta mtu wa kukutafsiria, na ujue kwamba mashine ya DVD ya kawaida haisomi Blu-ray. Sisi tulitumia PlayStation ya huyo kijana. Umeme ulikatika mara Auton ya kwanza ilipogeuka kichwa, jambo ambalo siwezi kulihesabu dhidi ya BBC.

Niseme na la Liz Shaw, maana wanaume wakisifu kisa hiki humsahau. Caroline John anamwigiza mwanasayansi wa Cambridge aliyeitwa na jeshi bila kuombwa ridhaa, haamini habari za viumbe wa angani, na hamwogopi Brigedia. Sketi yake ni fupi kama zilivyokuwa zote mwaka ule, lakini hakuna anayemtuma chai. Yeye ndiye anayeiwasha mashine ya kuwashinda Nestene wakati Daktari anakabwa. Alidumu visa vinne tu, vyote vya mwaka 1970, na mimi ningemweka zaidi.

Daktari anamaliza kwa kudai masharti ya kazi: vifaa, msaada wa Liz, na gari kama lile aliloiba, maana amelizoea. Brigedia anakubali, anamwuliza jina la kuandika. Anajibu Smith, John Smith. Kwangu ni alama nane kwa kumi, mbili nimezikata kwa ile mikia. Visa vitatu vinavyofuata mwaka huo huo vina vipande saba saba, kijana ameanza kuvidai, nimemwambia asubiri nimalize sare za harusi ya Jumamosi.