Punje za GFO za kupunguza fosfeti: miezi minne kwenye tangi langu la maji ya chumvi

Najua anayetafuta habari hizi ana haraka, kwa hiyo naanza na jibu: punje za GFO, yaani oksidi ya chuma inayonasa fosfeti, zinafanya kazi. Fosfeti yangu, ile chumvi ya fosforasi inayolisha mwani, ilikuwa 0.80 ppm (sehemu kwa milioni), leo ni 0.07. Ila makopo mawili ya kwanza niliyamaliza bure kabisa, na kosa halikuwa la kopo.

Tangi langu ni la lita 240, liko sebuleni, Leicester. Mimi ni mtoto wa Mombasa, na mama kila akipiga simu ya video hunicheka: "Yaani mwanangu, chumvi unanunua, maji unachuja, halafu unachanganya upate bahari?" Sina la kumjibu. Ndani mna samaki-anemoni wawili, samaki kangaja mmoja, matumbawe laini, na vipande vichache vya matumbawe magumu ambavyo ndivyo vilivyoanza kunipa wasiwasi. Rangi zao ziligeuka kahawia, na juu ya mawe ukaota mwani wa kijani mrefu kama nywele. Kioo nilikuwa nakifuta asubuhi, jioni kimefunga tena.

Nilianza na kile kipimo cha matone cha bei nafuu, unalinganisha buluu ya kichupa na buluu ya kadi. Chini ya taa ya jikoni mimi niliona 0.1, mke wangu akaona 0.5. Nikaona isiwe tabu, nikanunua Hanna HI736, kile kidude cha yai chenye kioo cha namba. Hiki nakisifu bila kusita, ila ujue mambo mawili. Kwanza, kinasoma fosforasi kwa ppb (sehemu kwa bilioni), si fosfeti. Ile namba unaizidisha kwa 3.066, kisha unaigawa kwa 1000 upate ppm. Pili, kichupa kifutwe vizuri kwa kitambaa. Alama ya kidole tu inakubadilishia jibu. Unga wa kile kipakiti nao una ukaidi wake, hung'ang'ania pembeni, unakigonga kwa kucha mpaka uishe wote.

Mwisho wa HI736 ni 200, na mara ya kwanza kwangu namba 200 ilikuwa ikiwaka na kuzima, maana yake imepita kiwango. Nikachanganya maji ya tangi na maji safi ya mtambo wangu wa osmosisi, ule unaochuja maji ya bomba, nusu kwa nusu. Ikasoma 150, kwa hiyo tangi ni 300. Kwa kuwa sipendi kuamini namba moja, nikarudia kwa robo moja ya tangi na robo tatu za maji safi. Ikasoma 96. Mara nne ni 384. Tangi moja, dakika kumi, majibu mawili! Nikadhani kidude kibovu. Nilikaa nacho mezani mpaka chai ikapoa, ndipo nikajiuliza: na haya ninayoyaita maji safi, nani aliyeyapima?

Nikayapima peke yake. 41. Ukifanya hesabu upya ukiitoa hiyo 41, vipimo vyote viwili vinakubaliana: tangi lilikuwa kama 260, yaani 0.80 ppm ya fosfeti. Na "maji safi" yangu yalikuwa na 0.126 ppm. Kumbe kila siku nilipojazia yale yaliyokauka, nilikuwa natia mbolea kwa mkono wangu.

Hapa kuna jambo ambalo walio Uingereza inafaa walijue. Makampuni ya maji huku hutia fosfeti kwenye maji ya bomba makusudi, ili itengeneze tabaka ndani ya mabomba ya zamani ya risasi na sumu isiingie kwenye maji ya kunywa. Ni jambo jema kwa watoto, ni balaa kwa tangi. Utando wa osmosisi ukiwa mzima unazuia sehemu kubwa, na resini ya mwisho inamalizia kilichobaki. Resini yangu ilikuwa imebadilika rangi yote na mimi nikiiangalia tu. Kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji, kilikuwa kinaonyesha 7, nami nikajiambia saba ni kidogo. Tangi langu hukausha kama lita tatu kwa siku. Piga hesabu ya mwaka: miligramu 138 za fosfeti, ambazo kwa lita 240 ni 0.57 ppm, hapo hujalisha samaki hata mmoja.

Basi nikabadilisha utando na resini, TDS ikarudi 0, ndipo nikaanza na punje kwa dhati. Yale makopo mawili ya bure yalikuwa yameisha kabla ya hapo.

GFO ni oksidi ya chuma iliyosagwa punje punje, rangi ya kutu, na fosfeti hunata juu yake. Chapa ziko nyingi ila kitu ni kile kile. Mimi naziweka kwenye riakta ndogo, bomba la plastiki lenye pampu, maji yanaingia chini yanatokea juu. Zioshe kwanza kwenye ndoo, na uoshe kweli, mpaka maji yaache kuwa mekundu. Mara ya kwanza nilifanya uvivu, na tangi likawa kama Mto Tana wakati wa mvua kwa siku nzima. Kasi ya pampu iwe ndogo, punje zicheze juu kama uji unaotaka kuchemka, zisirukeruke. Zikisuguana sana zinageuka vumbi.

Siku tatu za mwanzo: 0.80 ikashuka hadi 0.41. Nikafurahi. Wiki iliyofuata: 0.62. Hapo ndipo wengi hutukana duka. Fosfeti iliyo ndani ya maji ni kidogo mno, kwangu ilikuwa kama miligramu 192 tu. Mali yenyewe imo ndani ya mawe na mchanga. Mawe ya kalisi hufyonza fosfeti maji yanapokuwa machafu, na ukiyasafisha maji, yanaanza kuirudisha. Kila kopo linapunguza deni, halilifuti. Kwangu imechukua makopo matano.

Jinsi ya kujua punje zimechoka: pima maji yanayotoka kwenye riakta, halafu pima ya tangi. Namba zikikaribiana, punje zimeshiba, zitupe. Kubadilisha kwa tarehe ya kalenda ni kupoteza pesa au kupoteza muda, mojawapo.

Kosa langu la pili lilikuwa pupa. Mwezi wa pili nilitia kipimo kamili cha kwenye kopo, na 0.30 ikawa 0.09 kwa siku mbili. Matumbawe magumu mawili yakaanza kuwa meupe nchani. Moja lilipona, lingine nilitoa mifupa. Tangu hapo natia nusu ya kipimo. Na usikimbilie sifuri. Wengi hulenga kati ya 0.03 na 0.1, na tangi lisilo na fosfeti kabisa hualika dinoflageleti, ule ute wa kahawia wenye mapovu, ambao ni afadhali mwani.

Niliambiwa pia nijaribu dawa ya lanthanamu, ya maji, ambayo ni rahisi zaidi kwa pesa. Inafanya maji yawe kama yametiwa maziwa, inahitaji soksi ya kuchujia iliyo laini sana, na wafugaji wengi husimulia kuwa kangaja huteseka nayo. Kangaja wangu ana umri wa miaka sita. Nikaiacha.

Chakula nacho, kwa ufupi. Kopo langu la chakula kikavu limeandikwa fosforasi asilimia 1. Gramu moja ni miligramu 30 za fosfeti, yaani karibu 0.13 ppm kwa tangi langu. Mtoto wangu alikuwa akilisha "kidogo tu" kila akitoka shule. Sasa ana kijiko chake cha kupimia, na hakipendi.

Nyota nne kwa punje, tano kwa HI736. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya bei, maana kwa mwendo huu nimetumia zaidi ya pauni 120, na kwa sababu zinashusha kidogo ugumu wa kaboneti, ambayo matumbawe magumu huitumia kujenga mifupa, inabidi kuupima mara kwa mara.

Punje za sasa zina wiki tatu. Jana mdomo wa riakta ulisoma ppb 19, tangi 23. Ndoo iko tayari bafuni, Jumamosi naosha nyingine.