Tathmini ya Unga wa Mikoriza: Unaufaa Mpapai, Hauufai Mchicha

Unga wa mikoriza (kuvu zinazoshirikiana na mizizi ya mimea) nilioununua katika duka moja la pembejeo la Kariakoo nimeutumia msimu mzima kwenye kitalu chetu cha Kigamboni, na hukumu yangu ni kwamba bidhaa yenyewe ni nzuri, ila maelezo yaliyochapishwa kwenye pakiti yanampotosha mnunuzi. Ni unga wa kijivu wenye chembe za udongo mfinyanzi, vipande vya mizizi iliyokaushwa na spora, yaani chembe za uzazi, za kuvu ambayo kitaalamu huitwa Rhizophagus irregularis. Si mbolea, wala haupaswi kupimwa kama mbolea. Anayeununua akitarajia majani yakolee kijani ndani ya siku chache, kama inavyotokea akiweka urea, ataona amekula hasara.

Kinachouzwa humo ni ushirikiano kati ya mmea na kuvu, na ushirikiano huo ni wa kale kuliko mizizi yenyewe. Mimea ilianza kuishi nchi kavu yapata miaka milioni 470 iliyopita, ikiwa mifupi, isiyo na majani ya kweli wala mizizi, juu ya ardhi ambayo haikuwa na udongo wenye mboji tunaoujua leo. Fosforasi, chakula ambacho mmea hauwezi kukikosa, ilikuwamo kwenye miamba, lakini madini haya hayasafiri kirahisi ardhini. Mmea ukishamaliza yaliyo karibu nao, unabaki na njaa hata kama yaliyo mbali kidogo ni mengi. Mwaka 1975 wanasayansi Pirozynski na Malloch walitoa hoja kwamba mimea isingeweza kuhamia nchi kavu bila kushirikiana na kuvu, na ushahidi uliopatikana baadaye umeipa hoja hiyo nguvu kubwa. Katika miamba ya Wisconsin, Marekani, zilipatikana spora zenye umri wa miaka milioni 460 zinazofanana sana na za kuvu hizi za leo. Ushahidi unaonivutia zaidi ni wa Rhynie, kijiji cha Scotland, ambako miaka milioni 407 iliyopita maji ya chemchemi za moto yenye silika yaligeuza mimea kuwa jiwe bila kuharibu seli zake. Mwaka 1994 watafiti walieleza kwamba ndani ya mmea mmoja wa huko, Aglaophyton, waliona kuvu ikiwa imejitawanya matawi ndani ya seli hai. Mmea huo haukuwa na mizizi. Kuvu ilikaa ndani ya mashina yake.

Nimeutaja mmea huo kwa sababu umbo lile lile nililiona katika mipapai yetu. Nilichukua vipande vyembamba vya mizizi, nikavichemsha katika haidroksaidi ya potasiamu hadi vikawa vyeupe, nikavisuuza, kisha nikavitia rangi kwa wino wa kalamu uliochanganywa na siki. Chini ya hadubini ya maabara ya shule ninakofundisha zilionekana nyuzi za buluu zikipita kati ya seli na seli, na ndani ya baadhi ya seli uzi ulikuwa umegawanyika mara nyingi hadi ukawa kama mti mdogo uliojaza nafasi yote. Hapo ndipo kuvu hukabidhi fosforasi na mmea hutoa sukari na mafuta. Mizizi ya miche iliyooteshwa bila unga, kwenye mchanga ule ule tuliouchemsha kabla ya kupanda, haikuwa na kitu. Tofauti ya miche yenyewe ilionekana pia kwa macho: yenye kuvu ilikuwa minene shina, na ilipohamishwa kutoka kwenye viriba kwenda shambani wakati wa jua kali la Februari, haikunyauka kama mingine.

Sasa nije kwenye pakiti. Imeandikwa kwamba unga huu unafaa kwa mazao yote, na picha ya mbele ni ya kabichi. Hili si sahihi hata kidogo. Mimea mingi duniani imeudumisha ushirikiano huu, lakini jamii ya kabichi iliuacha, na katika mabadiliko ya vizazi vingi ikapoteza jeni kadhaa zinazohitajika kuipokea kuvu. Ndugu zake, yaani sukuma wiki, figiri na chainizi, wako hivyo hivyo. Mchicha na spinachi, ambazo ni za jamii nyingine, kwa kawaida nazo hazishirikiani na kuvu hizi. Wakulima wa bustani za mjini hapa wanategemea mboga hizo hizo za majani ili kupata riziki ya haraka, na wao ndio watakaotupa fedha zao wakiiamini picha ile. Nyanya, pilipili, biringanya, mahindi, ndimu, chungwa, papai na ndizi zote hunufaika.

Pakiti pia haisemi lolote kuhusu mbolea za viwandani. Mzizi wenye upungufu wa fosforasi hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni, ambazo huiamsha kuvu iliyo karibu (kiduha, gugu linalowaumiza wakulima wa mahindi na mtama, huutumia mwito huo huo kumtafuta wa kumnyonya). Fosforasi ikiwa tele, mmea hupunguza mwito na kuifungia kuvu mlango. Kwa hiyo anayeweka unga huu pamoja na DAP (mbolea ya viwandani yenye fosforasi nyingi) ya kutosha ndani ya kiriba kimoja analipa mara mbili, na cha pili kinakifuta cha kwanza. Sisi tulitumia mboji kidogo tu, na unga tuliuweka ndani ya shimo ili uguse mizizi, kwa sababu ukinyunyizwa juu ya udongo hausaidii.

Malalamiko yangu makubwa ni ya utunzaji. Kuvu hii haiishi bila mmea, na kilichomo ndani ya pakiti kinasubiri tu kupata mzizi. Joto kali linakiua. Dukani nilikuta pakiti zimepangwa mlangoni, jua la mchana likizipiga moja kwa moja. Niliomba nipewe kutoka kwenye boksi lililokuwa stoo, na muuzaji alikubali bila ubishi. Kwa bei yake, ambayo si ndogo, namshauri mwenye kitalu cha miche ya matunda anunue, achague yenye tarehe ya karibuni na aitumie mapema. Mwenye shamba la zamani lenye miti na nyasi hana haja nayo, maana kuvu za asili tayari zimo ardhini kwake.