TAPIKA imepita, ATAPIKA imekataliwa

Nianze na ukweli, mtu asije akanisuta baadaye: aliyetengeneza mchezo huu wa simu wa kuunda maneno ni mtoto wa kaka yangu, anasoma kompyuta Unguja. Katutumia kwa WhatsApp watu kumi na wawili tuujaribu kabla hajauweka hadharani. Hata jina haujapata bado. Mimi ni fundi cherehani hapa Chake Chake, nacheza usiku nikishamaliza kupiga pasi nguo za watu, na huu mwezi wa pili sijaacha.

Wenyewe uko hivi. Mnakutana wawili mtandaoni, mnapewa herufi saba, zile zile kwa nyote, na sekunde 90. Kila mmoja anaunda neno moja, kisha yanafunuliwa kwa pamoja. Raundi tano, basi. Hilo la kupewa herufi zile zile ndilo lililonikamata. Kwenye dhumna ukifungwa unalaumu vipande ulivyoshika. Hapa utamlaumu nani, na neno alilokufungia mwenzako ulikuwa nalo mkononi?

Sasa sikieni kilichonikuta. Raundi ya mwisho, tuko sare na mtu wa Mkoani, zikaja A, A, A, I, K, P, T. Haikupita nusu dakika nikaiona: ATAPIKA. Saba zote! Nikabonyeza huku nacheka peke yangu kama mwehu. Simu ikatetema, rangi nyekundu: neno halipo. Mwenzangu kaandika TAPIKA, akachukua raundi na mchezo. Yaani kutapika ruhusa, kupika kesho marufuku.

Nikampigia usiku ule ule.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hebu niambie, wewe chakula unachokula likizo kwangu hupikwa na nani?"

Alipokwisha kucheka akajitetea. "Shangazi, nikiikubali atapika, nitaikubali na nitapika, na utapika, na hajapika. Watu watakuwa wanabandika vipande mbele ya neno moja mpaka asubuhi. Mchezo hautakuwa na utamu."

Nikanyamaza. Ana haki, na nimeikubali hasara yangu.

Lakini asubuhi, natunga uzi kwenye sindano, nikaona neno jengine katika herufi zile zile: PAKATIA. Herufi saba vile vile! Nipakatie mtoto nimalize kushona: maneno haya hayapiti siku mbili bila kusemwa dukani kwangu. Nikalijaribu kwenye sehemu ya mazoezi. Halipo. Hapa utetezi wake hausimami, maana hakuna kilichobandikwa mbele. Kumbe alichofanya ni kuchukua kamusi na kunakili vidahizo, yaani yale maneno yanayoelezwa humo, kimoja kimoja. Kamusi inaweka pakata, mengine inamwachia msomaji mwenye akili zake, na simu akili hizo haina. Ndiyo maana MTOTO inapita na WATOTO inakataliwa. Kitenzi cha Kiswahili kinazaa, bwana: pika, pikia, pikwa, pikisha, pikiana. Ukichukua mama ukaacha watoto, umeacha nusu ya lugha nje ya mlango.

Na SKULI nayo imekataliwa! Sisi tumesoma skuli. Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja, halafu mtoto wa Kizanzibari anatufungia mlango? Nimemwambia Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, lipo tangu 2010, asikae na kamusi moja tu.

Jengine ni thamani za herufi. Kazichukua vile vile zilivyo kwenye Scrabble ya Kiingereza, ule mchezo wa kupanga vipande vya herufi viwe maneno: K pointi 5, W 4, Z 10. Kwa Waingereza hizo ni herufi adimu. Kwetu sisi K unaikanyaga kila hatua. Kwa hesabu hiyo WAZAZI inakupa pointi 27, na hilo ni neno la mtoto wa darasa la kwanza. Aliyeibuni Scrabble, Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani, miaka ya 1930 alikaa akahesabu herufi kwenye kurasa za magazeti ili ajue ipi iwe nyingi na ipi iwe chache. Basi na mimi nikachukua gazeti la Zanzibar Leo nililokatia pateni ya gauni, nikahesabu herufi 500 huku naweka alama kwa chaki ya kushonea. A peke yake zilipita mia. Kwenye Scrabble ya Kiingereza A ni 9 katika vipande 100. C sikuiona hata mara moja bila H nyuma yake, lakini kwenye mchezo huu C inakuja peke yake, imekaa tu kama mfupa kwenye pilau. CH angeiweka kipande kimoja, yakaisha.

Daraja za wachezaji anazipanga kwa hesabu za Arpad Elo, zile za sataranji. Nilipomfunga kijana mmoja wa chini yangu nilipata pointi 4. Aliponifunga yeye zikanitoka 28. Inauma, lakini ni haki.

Saa nayo ina kisa. Mwanzo ilikuwa inahesabiwa na simu yako mwenyewe, mpaka mmoja wetu akagundua kwamba ukirudisha saa ya simu nyuma unapata muda wa kuchemsha chai. Sasa inahesabiwa kwenye seva. Wizi umekwisha, ila mtandao ukikatika saa haikungoji; nimeshapoteza raundi mbili hivyo, neno liko tayari kwenye kioo. Bado naona afadhali hivyo kuliko kuchezewa.

Nisichokipenda kabisa ni mashine. Wachezaji wakikosekana, mchezo unakuwekea kompyuta iliyopewa jina la mtu. Niliigundua kwa sababu kila raundi ilijibu katika sekunde ya 11, haikosei. Kama ni mashine niambiwe ni mashine. Nilikuwa nimeshaanza kuisalimu.

Toleo jipya limekuja juzi. Z imeshushwa mpaka pointi 3, WATOTO inapita, SKULI inapita, na CH imekuwa kipande kimoja. PAKATIA nimeijaribu jana usiku mara mbili. Halipo.