Raba za jeki za modeli nyingine: kuingia zinaingia, waranti sasa

Hizi raba ni zile za kuchomeka kwenye tundu lililo chini ya bodi pembeni, pale pa kuwekea jeki, ili chuma cha jeki kisiguse bodi. Zimetengenezwa kwa modeli ya zamani, muuzaji kaandika "zinaingia hadi kwenye mpya". Magari yote mawili ninayo, la zamani na jipya, kampuni moja, kwahiyo nimezijaribu pote. Kwenye la zamani nyota nne. Kwenye jipya moja, na hiyo moja ni ya huruma.

Raba yenyewe iko poa. Ngumu kiasi chake, haijabonyea, grisi na oili hazijailainisha, kile kishikio chake cha plastiki kinaingia tundu kwa kubana na hakichezi. Kwa gari lake nunua tu.

Kwenye gari jipya tundu ni saizi ile ile kabisa, inaingia kwa mlio ule ule, ndo maana watu wanadanganyika. Ila chukua tochi ulale chini uangalie. Bati linalozunguka tundu kwenye modeli mpya lina mkunjo upande wa ndani ambao la zamani halina, sasa raba inakaa ukingo mmoja tu na upande wa pili mwanga unapita. Nikaitoa kabla hata ya kuleta jeki. Piga hesabu mwenyewe: raba ya sentimita 5 kwa 5 ina eneo la sentimita 25 za mraba, kona hiyo ikibeba kilo 500 basi kila sentimita ya mraba inabeba kilo 20. Ikigusa robo tu ya uso wake, kilo 80. Na sehemu yenyewe inayobebeshwa ni pembeni ya pointi iliyoimarishwa, sio kwenye pointi. Bati linabonyea, rangi inapasuka, kutu inaanza pasipoonekana.

Sasa waranti, maana ndo swali kila mtu anauliza na majibu yanayozunguka ni ya kupindukia pande zote mbili. Kuna wanaosema ukifunga tu kitu cha modeli nyingine waranti yote imekufa. Sio hivyo. Marekani kwa mfano kuna sheria ya 1975, Magnuson-Moss, kampuni haiwezi kukukatalia waranti kwa sababu tu umefunga spea isiyo yao, inabidi waonyeshe hiyo spea ndo imeleta uharibifu. Redio ikifa hawawezi kusingizia raba ya jeki. Upande wa pili kuna wanaosema "si ni orijino, ina nembo ile ile, watasema nini?" Watasema mengi tu. Nembo inasema nani katengeneza, haisemi imepimwa kwenye gari gani. Na bati likibonyea pale pale raba ilipokuwa imekaa, kuthibitisha chanzo ni kazi ya dakika moja, alama ya raba iko hapo inaonekana.

Kinachouma zaidi ni ile waranti ya kutu. Hii huwa inajitegemea, na mara nyingi ina miaka mingi kuliko waranti ya kawaida, na watu wengi hata hawajui wanayo. Ila masharti yake huwa ni kutu iliyotoboa bati kutoka ndani kuja nje, sio iliyoanzia kwenye rangi iliyochubuliwa na jeki. Halafu kuna magari ambayo tundu za chini ya kizingiti (lile bati la pembeni chini ya milango) zinatoa maji yanayoingia ndani, ukiziba tundu kama hiyo na raba isiyo na njia ya maji ukaiacha humo mwaka mzima umefuga kutu mwenyewe. Kwahiyo kuna tofauti kubwa kati ya kuchomeka ukiinua gari kisha unaitoa, na kuiacha humo moja kwa moja. Tangazo linasema "funga usahau". Mimi nasema itoe, hata kwenye gari lake.

Wenye magari ya umeme nyie ndo mkae mbali kabisa na mambo ya "inaingia". Betri imelala chini katikati ya vizingiti viwili, na kutoka pointi ya jeki mpaka kwenye kava la betri nafasi ni ndogo. Raba fupi kidogo au pana kidogo kuliko inavyotakiwa, kichwa cha jeki kinaenda kugusa betri. Kitabu cha Tesla kwa mfano kinaonyesha pointi za kuinulia na kinakataza kuinulia chini ya betri. Waranti ya betri kwa kampuni nyingi ni miaka 8 au kilomita 160,000, sidhani kama kuna mtu anataka kuibishania kwa sababu ya kipande cha raba.

Kitu kingine ambacho hakisemwi, siku unapeleka gari sevisi na raba ziko humo, fundi anaweka mikono ya lifti juu ya raba zako, moja inateleza. Gereji watasema kitu hicho sio cha gari hili, wewe utasema wao ndo wameinua bila kuangalia. Kesi ya namna hiyo inaweza kuvuta miezi na gari limelala. Zitoe kabla hujafika getini, yaishe.

Kujua kama raba ya modeli nyingine ni salama kwako usiulize muuzaji, muuzaji atasema ndiyo. Chukua namba ya spea iliyogongwa kwenye raba, nenda kaunta ya spea na namba yako ya chesi, waangalie kwenye katalogi. Saa ingine namba ni ile ile kwa modeli nne tano, hapo hamna mjadala, hiyo ni ya gari lako pia. Saa ingine namba ya zamani imebadilishwa na mpya, chukua mpya. Namba zikitofautiana kabisa kuna sababu, hata kama kwa macho ni mapacha. Omba wakuchapie hiyo karatasi, weka na risiti ndani ya kitabu cha sevisi.

Muuzaji kwa upande wa kurudisha mzigo hana noma, anapokea kama raba haijabebeshwa uzito, ila picha ya gari jipya kwenye tangazo lake bado hajaitoa na nilishamtumia picha ya ule mwanga unaopita.